Kuhesabu Mbavu za Kayongo

Anayetaka kuijua kayongo kwa yakini asianze na ua. Ua linapendeza mno, na kinachopendeza hutazamwa kwa haraka. Aanze na kile kikombe kidogo cha sepali kinacholishika ua kwa chini. Akigeuze kwenye mwanga, achukue lenzi ya mkono kama anayo, ahesabu mbavu zinazopanda kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye meno ya kikombe. Zikiwa tano, na ua likawa la waridi lililokolea kidogo kuelekea zambarau, na mmea wenyewe umetolewa katika shamba la mahindi mahali fulani kati ya Rongo na Mbita, basi alichoshika ni Striga hermonthica. Zikiwa kumi au zaidi, na ua likawa dogo, jekundu, ameshika ndugu yake mfupi, Striga asiatica, ambaye kwa Kenya makao yake makuu ni Pwani. Wakulima wa Tanzania huyaita magugu ya aina hii kiduha. Huku Migori na Homa Bay jina ni kayongo, na hakuna mtoto wa shamba asiyelijua.

Alama nyingine zinafuata. Shina lina pembe nne, na ukilipitishia kidole linakwaruza kwa sababu ya vinyweleo vyake vigumu. Majani ni membamba, yamekaa mawili mawili yakikabiliana. Ua lina midomo miwili, wa juu mfupi na wa chini wenye ndimi tatu, na shingo yake nyembamba hupinda ghafla ikishatoka tu kwenye kikombe. Ndani mna stameni nne, mbili ndefu na mbili fupi.

Mwenye haraka atasema hizi ni alama za kivumbasi. Hatakuwa amesema upuuzi, kwani kivumbasi nacho kina shina la pembe nne, majani yanayokabiliana na ua la midomo miwili. Ndiyo maana botania haiuhukumu mmea wowote kwa shahidi mmoja. Ponda jani la kivumbasi, harufu itajibu kabla hujauliza. Fungua kikombe chake kilichokomaa, utakuta vijitunda vinne vigumu vimekaa pamoja. Pasua tunda la kayongo lililokauka, kinachomwagika ni vumbi la kahawia kama ugoro: mamia ya mbegu, na hakuna hata moja inayofika nusu milimita kwa urefu. Mmea mmoja uliostawi huzaa makumi ya maelfu ya mbegu hizo, na zikishaingia udongoni zinaweza kungoja zaidi ya miaka kumi.

Naipenda nidhamu hii ya kuhesabu. Rangi hubadilika kwa jua, kwa umri wa ua, kwa kamera ya simu. Mmea uliobanwa ndani ya karatasi na kukaushwa hupoteza waridi lake lote, lakini mbavu tano hubaki tano. Kwa njia hiyo mtu wa leo anaweza kukubaliana na mtu aliyekufa zamani kuhusu jambo ambalo wote wawili wameliona kwa macho yao. Alire Raffeneau Delile, mwanabotania aliyefuatana na msafara wa Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, ndiye aliyeutambulisha mmea huu kwa sayansi ya Ulaya, akaupa jina la mji wa Hermonthis, ambao leo ni Armant, ukingoni mwa Nile. Mwaka 1836 Mwingereza George Bentham akauhamishia katika jenasi ya Striga. Maji ya ziwa yanayopiga ufuo wa Mbita hutokea Jinja, na yakisalimika njiani hufika Armant. Mmea mmoja umeshika ncha mbili za mto huo, na aliye upande wowote anaweza kumthibitishia mwenzake kwa kuhesabu hadi tano.

Hata hivyo, kuutazama uso wa mmea kuna mpaka wake. Kwa muda mrefu kayongo iliwekwa katika ukoo wa Scrophulariaceae kwa sababu ya sura ya ua lake. Ulinganishaji wa jeni uliofanywa kuelekea mwisho wa karne ya 20 na mwanzoni mwa hii ukaonyesha kwamba ndugu zake wa damu wako katika Orobanchaceae, ukoo ambao karibu wote huishi kwa kujiunga na mizizi ya mimea mingine. Ua lilikuwa limesema jambo moja na mzizi jingine, na mzizi ndio uliokuwa na kweli. Kwa hiyo baada ya kuhesabu mbavu, chukua jembe. Chimba taratibu, ung'oe kayongo pamoja na hindi lililo karibu nayo, uoshe udongo kwa maji. Utaona mahali ambapo mzizi wa kayongo umevimba kidogo na kuingia katika mzizi wa hindi. Kayongo ina majani ya kijani na hujipikia sehemu ya chakula chake, lakini maji, madini na sehemu ya sukari huvuta kupitia kiungo hicho. Huo mvimbe mdogo, usioonekana na mpita njia, ndio alama kuu kuliko zote.

Mkulima wa Uriri au Ndhiwa anaijua habari hii bila lenzi, na anaijua kwa kuanzia upande mwingine. Yeye huisoma kayongo kwenye mahindi. Mvua ilinyesha jana, udongo bado una unyevu, na mahindi yamekunja majani kana kwamba ni kiangazi. Mistari miwili imedumaa, mitatu imepata umanjano, na mbolea ya kukuzia imekwisha wekwa. Kayongo hukaa chini ya udongo wiki 4 hadi 7 kabla ya kuchomoza, na sehemu kubwa ya madhara yake huyafanya katika siku hizo ambazo haina jani wala ua la kutambuliwa. Mahindi ya chwiri, yaani mvua ndefu, yanapokuwa yamefika kiunoni ndipo waridi linapojitokeza kati ya mistari. Kila msomi wa mimea hufurahi akiona ua, kwa kuwa vitabu vyote humtaka mtambuzi asubiri ua. Kwa mkulima ua ni taarifa ya jambo lililokwisha tendeka. Linalobaki ni kuokoa msimu ujao: kung'oa kabla matunda hayajakauka, kuondoa shambani, kuchoma.

Hapo tayari tuna watambuzi wawili wasiotazama kitu kimoja. Mmoja anauliza mmea huu ni upi. Mwingine anauliza umewafanya nini walio karibu nao. Nimekuja kuamini kwamba swali la pili si la chini ya la kwanza, na kwamba kwa mmea wa aina hii la kwanza halijibiki kikamilifu bila la pili.

Marekani ililipata somo hilo mwaka 1956. Katika mashamba ya Carolina, mahindi yalikuwa yakidumaa na sababu haijulikani. Nchi ile haikukosa maabara, wala maprofesa, wala vitabu vya magugu. Aliyeitambua Striga asiatica katikati ya mahindi hayo alikuwa mwanafunzi aliyetoka India, ambako gugu hilo lilijulikana. Baada ya hapo serikali ikafunga mashamba kwa karantini, ikajenga kituo cha utafiti, ikaanza kuingiza gesi ya ethilini udongoni ili mbegu ziamke pasipo mmea wa kunyonya, zife. Eneo lililoathirika, zaidi ya ekari 400,000, lilipunguzwa kwa miongo kadhaa hadi likabaki vipande vichache. Kampeni hiyo yote ya fedha na mashine ilianzia kwenye jicho la mtu mmoja aliyekuja na kumbukumbu ya kwao. Jicho kama hilo liko hapa kwetu pia. Mtoto wa Nyatike anayeweza kukuonyesha kayongo ikiwa na majani manne, kabla haijafikiria ua, ana ujuzi ambao katika mwaka ule Carolina ingeutafuta kwa taa.

Lakini katika shamba lenyewe mtambuzi hodari kuliko wote si mtu. Ni ile mbegu ya vumbi. Ikishapata unyevu na joto kwa wiki moja au mbili huwa tayari, kisha hutulia ikingoja. Akiba yake ya chakula ni ndogo kiasi kwamba kimzizi chake kinaweza kurefuka milimita chache tu. Ikiamka na isikute mzizi karibu, inakufa baada ya siku chache. Kwa hiyo haiamki kwa mvua peke yake, wala kwa jua, wala kwa kukanyagwa na ng'ombe. Huamka ikipata dalili ya kemikali inayotoka kwenye mzizi hai, kwa kiasi kidogo sana cha kushangaza. Mwaka 1966 watafiti wa Marekani walitenga mojawapo ya kemikali hizo, wakaiita strigoli. Ajabu ni kwamba waliitoa kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo Striga hii haiwezi kulinyonya. Pamba inaiamsha mbegu, na mbegu inakufa njaa. Mwaka 2015 maabara za Japani na Canada zikaeleza vipokezi ambavyo mbegu ya kayongo huvitumia kunasa dalili hizo.

Swali likabaki: mahindi yanapata faida gani kwa kutoa kemikali inayomwita adui? Mmea usingeendelea kujisaliti vizazi na vizazi bila sababu. Jibu lilichukua karibu miaka 40. Mwaka 2005 Kohki Akiyama na wenzake huko Japani walionyesha kwamba kemikali za kundi hilo, strigolaktoni, huita kuvu wa udongoni wanaoshirikiana na mizizi. Kuvu hao hutandaza nyuzi zao mbali kuliko mzizi unavyofika, huleta fosforasi, na mmea huwalipa kwa sukari. Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti yakaongeza kwamba strigolaktoni pia ni homoni inayouelekeza mmea utoe matawi mangapi. Kumbe mahindi hayakuwa yakimwita adui hata kidogo. Yalikuwa yakiita msaada, na kayongo ikajifunza kuusikiliza wito usio wake.

Kuna jambo moja katika ugunduzi huo linalonirudisha kila mara kwenye mashamba ya bonde la ziwa. Mmea hutoa strigolaktoni nyingi zaidi pale udongo unapopungukiwa na fosforasi. Mwenye njaa huita kwa sauti kubwa. Shamba lililolimwa mahindi baada ya mahindi, mabua yakalishwa mifugo au kuchomwa, samadi isirudi, linakuwa shamba ambalo mizizi yake inapiga kelele chini kwa chini, na mbegu zilizolala humo kwa miaka zinasikia. Kisha hindi dhaifu linanyonywa na kudhoofika zaidi. Udongo maskini haukosi tu nguvu ya kumpinga mgeni huyu, bali pia ndio unaomwelekeza mlangoni.

Mtama una historia tofauti kidogo. Ni mzaliwa wa Afrika, na umeishi na Striga kwa maelfu ya miaka, wakati mahindi yalifika bara hili kutoka Amerika katika karne chache zilizopita. Kayongo huunyonya mtama pia, na huunyonya vibaya, lakini ziko aina za mtama ambazo mizizi yake hutoa strigolaktoni ya umbo tofauti, ambayo kuvu wanaitambua ilhali mbegu ya kayongo inaipokea kwa uzito mdogo. Aina hizo zimebadilisha namna ya kuita bila kuacha kuita. Wazee waliochagua mbegu za mtama kwa kutazama mashuke yaliyosimama katikati ya yaliyoanguka walikuwa wakichagua, bila kuiona, kemia ya mizizi.

Mahali ambapo mambo haya yote yalikutana pako ndani ya kaunti ya Homa Bay. Kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo, kiko Mbita, ufuoni. Katika miaka ya 1990 Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa Rothamsted wa Uingereza na wa taasisi ya kilimo ya Kenya, walikuwa wakitafuta namna ya kuzuia bungua, wale funza wanaotoboa mashina ya mahindi. Walipanda nyasi za nepia pembezoni ili ziwavute nondo, na kati ya mistari ya mahindi wakapanda desmodiamu ili iwafukuze. Bungua walipungua. Lakini katika vipande vyenye desmodiamu kulitokea jambo ambalo halikuwa shabaha ya kazi ile: kayongo nayo ilikuwa imetoweka karibu yote.

Uchunguzi wa mizizi ulieleza kwa nini. Desmodiamu hutoa kemikali zaidi ya moja. Mojawapo huiamsha mbegu ya kayongo, nyingine huzuia kimzizi chake kukua na kushika mzizi wa hindi. Mbegu inaamini imefika, inatumia akiba yake yote, inakufa. Mtambuzi yule hodari, aliyeishi kwa kutokosea, anakoseshwa. Tena anakoseshwa na mmea wa jamii ya kunde unaorudisha naitrojeni udongoni, unaofunika ardhi isikauke, na unaokatwa kulisha ng'ombe wa maziwa.

Kila kitu kina gharama. Mbegu za desmodiamu si rahisi kuzipata wala kuzinunua, palizi ya msimu wa kwanza ni ya taabu kwa sababu mche wake huanza polepole, na ni mmea wa miaka kadhaa, kwa hiyo anayelima shamba la kukodi hawezi kuwa na hakika kwamba atavuna subira yake. Nao pia unahitaji kutambuliwa. Jani lake lina vipande vitatu. Katika aina moja kila kipande kina mstari mpana wa rangi ya fedha katikati. Maganda yake hukatika vipande vidogo vinavyong'ang'ania nguo. Anayepalilia kwa haraka anaweza kuung'oa mwenyewe ule mmea uliopandwa kumlinda.

Nimetaja taabu hizi kwa sababu ya aibu. Katika vijiji vingi shamba lililojaa waridi husomwa kama cheti cha tabia ya mwenye shamba. Watu husema huyo hapalilii, huyo amelala, huyo ameachia mke kazi. Aliyefuatilia kayongo hadi kwenye mzizi hawezi kusema hivyo kwa wepisi tena. Ardhi iligawanywa kati ya wana, kisha kati ya wana wa wana, hadi ikabaki ekari moja ambayo haiwezi kupumzishwa kwa sababu ndiyo inayolisha nyumba na kulipa karo. Mwenye ekari hiyo alipalilia kwa jembe lake mara mbili katika msimu, na palizi zote mbili zilifika baada ya kayongo kula. Ua lile la waridi linashuhudia hali ya udongo na ya umiliki wa ardhi kabla halijashuhudia uvivu wa mtu. Kulitambua vizuri ni pamoja na kumwondolea mtu lawama isiyo yake.

Elimu yetu ya mimea imefanya kazi kubwa ya kutoa majina. Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kamusi ya majina ya mimea ya Kijaluo mwaka 1972, akawapa wazungumzaji wa lugha hiyo daraja la kufikia majina ya Kilatini bila kuyaacha yao. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki ya tropiki kilianza kutolewa mwaka 1952 kikakamilika mwaka 2012, kikiwa na spishi 12,104. Katika Hebaria ya Afrika Mashariki, kwenye Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi, mimea iliyokaushwa imelala katika makabati, kila mmoja na lebo yake: umechumwa wapi, lini, na nani, penye mwinuko gani.

Lebo ya kayongo inastahili mistari mitatu zaidi: ulikuwa umeshika mzizi wa mmea gani, shamba hilo lilipandwa nini misimu mitatu iliyotangulia, lilipata samadi au halikupata. Hakuna maabara inayohitajika. Shule ya Rongo au ya Lambwe inaweza kuanza msimu ujao wa opon, yaani mvua fupi, kwa magazeti makuukuu ya kubania mimea, kalamu ya risasi, na jembe la kufika chini. Wanafunzi wahesabu mbavu kwanza ili wawe na hakika ya jina, halafu waende kwa mwenye shamba, wamwamkie, wamuulize hayo mengine. Matunda yaliyokauka wayafunge vizuri kabla ya kuyasafirisha, na mabaki wayachome palepale.